Filamu ya panda gari kwa bajeti ndogo: kupiga msako wa usiku kamera ikiwa ndani ya nyumba

FundiSauti (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Uzi huu ni wa yeyote anayeandaa filamu huru juu ya raia waliokumbwa na vurugu za kisiasa hapa Uganda. Tusizungukezunguke, tuchukue mfano mmoja tuuchambue: Kampala, 1983, familia ya watu watano kwenye muzigo, yaani nyumba ya kupanga, wa chumba kimoja, usiku wa panda gari. Kwa vijana ambao hawajalisikia neno hili: wanajeshi waliuzingira mtaa, wakawatoa watu majumbani, wakawapakia kwenye malori na kuwapeleka kuchujwa. Wengine hawakurudi. Jina lenyewe ni amri ya Kiswahili, na Waganda wengi wa rika lile walijifunza maneno hayo mawili kabla ya salamu.

Msimamo wangu ni kwamba kamera isitoke nje ya chumba mpaka mlango ufunguliwe. Raia wengi waliijua hatari kwa masikio, wakiwa wamelala sakafuni na taa imezimwa. Ukiipeleka kamera barabarani ukaonyesha lori likija, umempa mtazamaji habari ambazo mama aliye ndani hana, na hofu yake inakutoka mkononi.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya sauti. Tafuta lori kuukuu la dizeli lenye pua, aina ya Bedford. Rekodi kila tukio peke yake: injini ikinguruma lori limesimama, gia ya kwanza ikipanda kilima, breki, injini kuzimwa, mlango wa dereva, na zaidi ya yote bamba la nyuma, ule mlango wa sanduku la lori, likifunguliwa na minyororo yake. Bamba hilo ndilo mhusika mkuu wa filamu. Kila sauti irekodi mara tatu: maikrofoni ikiwa mita 2, ikiwa mita 15, halafu ukiwa ndani ya chumba, mlango na dirisha vimefungwa, lori likiwa nje. Ile ya tatu ndiyo utakayoitumia kwa wingi, na wengi huiruka wakidhani kompyuta itawatengenezea. Kompyuta hupunguza sauti kali, lakini haijui jinsi bati linavyotetemeka juu ya kenchi lori likipita.

Risasi: watu hupachika mlio wa sinema wenye mwangwi mrefu, na hapo kila aliyeishi nyakati zile huacha kuiamini filamu. Risasi ya AK, ile 7.62 kwa 39, hutoka mdomoni mwa bunduki kwa takriban mita 715 kwa sekunde. Sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde katika joto letu. Kwa hiyo risasi ikipita jirani na nyumba kutoka mita 300, kwanza husikika mpasuko mkavu, "ta!", na baada ya kama theluthi ya sekunde ndipo unafika mlio mzito wa bunduki yenyewe, "dum". Katika fremu 24 kwa sekunde hiyo ni fremu 8 au 9. Risasi isiyoelekea upande wako haina mpasuko, utasikia "dum" tu. Ya umbali wa kilomita 2 hufika karibu sekunde 6 baadaye, imepoteza makali yote, ni kama mtu anakung'uta godoro mtaa wa pili. Hapo ndipo mtoto huuliza "ni nini?" na mkubwa hajibu.

Sauti za mbwa zirekodi usiku mwingine kabisa. Mpangilio unaoaminika ni mbwa wa mbali, kisha wa karibu, kisha wote kunyamaza.

TaaNaKivuli

Naunga mkono, ndugu. Naongeza upande wa picha.

Muzigo wa kawaida ni kama futi 10 kwa 12. Kosa la kwanza ni kuvaa lenzi ya mm 18 ili kila kitu kionekane. Chumba kinageuka ukumbi. Tumia mm 35 au 50 kwenye sensa kubwa, weka kamera kimo cha mtu aliyeketi kwenye mkeka, sentimita 70 hadi 90, na ukubali kwamba mtu mmoja atakatwa na fremu. Ukitaka nafasi ya kurudi nyuma, jenga ukuta mmoja wa mbao unaoondoka. Plaiwudi 4 za futi 8 kwa 4, kenchi za mbili kwa mbili, rangi ya udongo yenye mchanga kidogo. Huo ni kazi ya fundi wawili kwa siku moja.

Mwanga wa ndani ni tadooba, yaani kibatari. Iwashe kweli, lakini usiitegemee peke yake. Weka taa ndogo ya LED ya 2700K (kipimo cha rangi ya mwanga) nyuma ya sufuria au chini ya meza, iwe chini kabisa, kama asilimia 5, ikisaidia upande ule ule wa moto. Kamera iwe kwenye 3200K ili mwali ubaki na rangi yake ya machungwa. Ukiweka kwenye hali ya kujirekebisha yenyewe, rangi itabadilika katikati ya shoti na mhariri atalia. Shata 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa 50Hz na balbu ya jirani ikiingia dirishani itapepesa ukitumia mwendo mwingine.

Taa za lori zinazofagia ukutani: LED nyeupe za siku hizi zinakosea zama. Taa za magari ya wakati ule zilikuwa za njano njano, kadiria 3000K hadi 3200K. Chukua taa mbili za kichwa cha gari za wati 55, zifunge kwenye ubao umbali wa mita 1.4 kati yake, betri ya gari chini, watu wawili waubebe ubao nje ya dirisha kwa mwendo wa polepole, sekunde 4 kutoka kona hadi kona. Dirisha liwe la mbao lenye nyufa. Mistari ya mwanga ikipita juu ya nyuso za watu waliolala, huhitaji muziki.

Tahadhari: tadooba mbili na watu wanane ndani ya chumba kilichofungwa ni moshi mtupu. Baada ya kila shoti, mlango wazi dakika 5. Ndoo ya mchanga iwe ndani, siyo nje.

Mtunza Nyaraka

Ndugu FundiSauti, 1983 ni mwaka wenye mitego. Nimeona kazi nyingi nzuri zikiangushwa na kitu kidogo nyuma ya mwigizaji.

Boda boda za pikipiki, hapana. Wakati ule boda ilikuwa baiskeli, na asili yake ni mpaka wa Busia. Pikipiki zilienea Kampala miaka ya 1990. Hata sauti yake isisikike kwa mbali, na hiyo ndiyo ngumu, kwa sababu Kampala ya leo haina dakika isiyo na boda. Rekodi mandhari ya sauti kijijini.

Noti: shilingi ilibadilishwa mwaka 1987, shilingi 100 za zamani kwa 1 mpya. Mtu akihesabu pesa mbele ya kamera, noti za leo zitakuaibisha. Namba za gari za UA na herufi nyingine zilikuja baadaye. Ficha namba kwa tope, ni rahisi kuliko kutengeneza.

Kitambulisho ndicho kikubwa zaidi, kwa sababu tukio lote linazunguka hapo. Vitambulisho vya taifa vya plastiki vilianza kutolewa 2014. Mwanamume wa 1983 alibeba tiketi ya kodi ya kichwa, ile iliyokuja kusitishwa mwaka 2005. Ni kikaratasi. Kinakunjwa mara nne, kinalowa jasho, kinachanika kwenye mikunjo. Tengeneza nakala 10 kwa sababu kila shoti itaharibu moja, na uzichakaze: chai ya rangi iliyopoa, dakika 3, kausha kivulini, kisha zikae kwenye mfuko wa suruali siku mbili. Mikono ya baba ikitetemeka inakifunua kikaratasi kile bila kukichana. Kwangu hiyo ni shoti bora kuliko bunduki kumi.

Kwa utafiti: Tume ya Uchunguzi wa Ukiukaji wa Haki za Binadamu, chini ya Jaji Arthur Oder, iliundwa 1986 na kutoa ripoti 1994. Ilishughulikia tangu Oktoba 9, 1962 hadi Januari 25, 1986, na imejaa ushahidi wa watu wa kawaida kabisa. Soma namna wanavyosimulia: saa ngapi, nani alikuwa amevaa nini, chakula gani kilikuwa jikoni. Kwa mavazi na nyuso za miaka ya 1970, makumi ya maelfu ya negativu za picha zilikutwa kwenye shirika la utangazaji la UBC, na baadhi zilionyeshwa Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Anayeandika juu ya Kaskazini aende kituo cha kumbukumbu kilichopo Kitgum.

KatweMtaani

Nawaheshimu nyote, lakini mtazamaji aliyelipa shilingi zake kwenye kibanda cha video anataka kuona. Saa moja na nusu ya giza na mlio wa lori, watu watatoka.

FundiSauti

Ssebo (bwana), hoja yako ni ya haki. Sijasema asione kitu. Mlango utafunguliwa, na wewe unachagua dakika. Ushauri wangu ni kama dakika ya 35. Kabla ya hapo umempa mtazamaji watu: nani anadaiwa, nani amegombana na nani, mtoto gani anakohoa. Mlango ukifunguka anaona buti, mkono, tochi usoni. Tochi ikimpiga mtazamaji moja kwa moja kwenye lenzi kwa sekunde 2 naye anafumba macho pamoja na mama, huyo hatoki kwenye kibanda.

Na nusu ya pili siyo giza tena. Ni mchana, mama anazunguka kambi, vituo vya polisi, hospitali, akiuliza. Huo ndio urefu wa kweli wa vurugu hizi: usiku mmoja wa kuchukuliwa, miaka ya kutafuta.

BintiBombo

Naomba niingilie kwenye maneno ya wanajeshi, maana hapa waandishi wetu hukosea vibaya. Wanawaandikia Kiswahili cha Dar au cha vitabu: "Tafadhali toeni vitambulisho vyenu." Hakuna mwanajeshi wa Uganda wa wakati ule aliyesema hivyo. Kiswahili cha jeshi letu kilitoka King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, kimepoteza ngeli na viambishi vingi. Sikilizeni:

"Wewe! Toka inje. Kipande iko wapi?"
"Watu ngapi nalala hapa?"
"Yote kaa chini. Hapana angalia mimi."
"Panda gari. Upesi."

Ufupi wake ndio ukali wake. Asipige kelele muda wote. Anayepiga kelele kila sentensi anachosha. Yule anayesema polepole, amechoka, anataka kumaliza orodha alale, huyo anatisha.

Na raia ajibu vipi? Waganda wengi hawakukijua Kiswahili vizuri, na kukikosa kulikuwa hatari, na kukijua sana pia kulizua maswali. Mwigizaji wa baba ajibu kwa maneno matatu tu aliyokariri, "ndiyo afande" na jina lake. Msimsahihishie sarufi. Kwa manukuu ya chini, pendekezo langu ni haya: katika nakala ya Kiluganda, maneno ya wanajeshi yasitafsiriwe. Familia haiyaelewi yote, basi na mtazamaji abaki nayo pale pale.

Jambo moja nalisema kwa moyo wote. Msiwafanye wanajeshi wote kuwa wa kabila moja la Kaskazini wenye sura ya ushenzi. Watu wa Acholi na wa Lango nao walikuja kuuawa vijijini mwao, Atiak 1995, Lukodi 2004, na Barlonyo kule Lango mwaka huo huo wa 2004, na wajane wao wataitazama filamu hii. Mpeni mwanajeshi mmoja angalau umri. Miaka 19, gumbuti zinambana, hajui mtaa huu unaitwaje.

Wakili wa Seti

Kabla hamjakodi hata taa moja, someni hapa.

Sare. Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, ya 2005 inakataza raia kuvaa au kumiliki sare za jeshi na vinavyofanana navyo bila idhini, na bereti nyekundu zilitangazwa kuwa za jeshi mwaka 2019. Usishone madoadoa ya aina yoyote. Kwa 1983 huna haja nayo: shati la kijani la kawaida lililofifia kwa jua, suruali ya kaki, gumbuti, koti la mvua. Picha ni ya usiku, inatosha. Zifungwe kwenye sanduku lenye kufuli, zihesabiwe asubuhi na jioni, na hakuna mwigizaji anayetoka nazo kwenda kununua rolex, ile chapati ya mayai.

Bunduki. Sheria ya Silaha ya 1970 haichekeshi. Tumieni za mbao zilizopakwa rangi, na kwa kuwa kamera iko ndani, kinachohitajika ni mtutu na mkanda tu. Ncha yake ifunikwe kitambaa cha machungwa hadi mwongozaji aseme tayari.

Vibali. Kanuni za UCC (tume ya mawasiliano) za 2019 zinahusu filamu, dokumentari na picha za kibiashara, hivyo anzia UCC. Kuainisha filamu iliyokamilika ni kazi ya Media Council. Kisha barua, nakala yenye mhuri, kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), kwa kamanda wa polisi wa wilaya, na kwa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ikiwa barabara ya jiji itafungwa. Barua iseme tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, kuwa kutakuwa na lori na watu wenye mavazi ya kuigiza, kuwa hakuna mlio wa risasi. Maana hakuna: milio yote inawekwa kwenye uhariri. Msithubutu kulipua hata fataki ili waigizaji washtuke. Mtaa wenye watu walioona vurugu za Novemba 2020, siku zile mbili za 18 na 19 ambapo kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa 54, hautangoja kuuliza kama ni filamu.

Siku mbili kabla, piteni nyumba kwa nyumba pamoja na LC1. Siku yenyewe, tangazo kwenye kizindaalo (kipaza sauti) cha mtaa saa kumi jioni na tena saa moja usiku, na mtu mwenye jaketi la njano kwenye stendi ya boda, kwa sababu habari za uongo huanzia pale.

MamaMavazi

Damu, kwa kifupi, msimwage. Kidogo na iliyokauka. Sukari kilo 1, maji nusu lita, chemsha hadi iwe nzito, ipoe. Rangi nyekundu ya chakula vijiko 2 vya chai, kakao kijiko 1 cha chakula iliyokorogwa kwanza na maji ya moto ili isifanye madonge, rangi ya buluu matone 2. Bila kakao itaonekana sharubati. Kwa nguo ongeza sabuni ya maji vijiko 2 ili itoke ukifua, lakini hiyo isikaribie mdomo wala macho. Tatizo ni nzi na sisimizi, hivyo ipake dakika ya mwisho.

Gomesi, gauni la kitamaduni la wanawake wa hapa, ina shida yake: kitambaa kinachong'aa hupiga kelele kwenye maikrofoni ya kifuani. Chagua la pamba lililofuliwa mara nyingi, au maikrofoni ikae kwenye mkunjo wa kitambaa cha kichwa.

TaaNaKivuli

Nimekumbuka kitu kuhusu tukio la lori, ukilionyesha asubuhi. Sakafu ya lori iko zaidi ya mita moja juu. Watu wenye mikono kichwani hawawezi kupanda bila kuanguka. Weka kreti imara upande usioonekana, kabari kwenye magurudumu yote manne, injini imezimwa, na ufunguo mfukoni mwa msaidizi, siyo mwa dereva. Watu 15 juu wanatosha. Ukipiga kwa mm 85 au 135 kutoka mbali, safu tatu za watu waliosimama chini zikifuatana, 40 wanaonekana 200. Badilisha mashati, waliokuwa mbele waende nyuma, piga tena.

Na mwanga wa alfajiri hapa ikweta ni mfupi. Jua linachomoza karibu saa moja kasorobo, na ule weupe wa kabla yake ni kama dakika 20. Hiyo ni shoti 2, siyo 6. Fanya mazoezi jana yake, na usipange siku hiyo Aprili au Oktoba.

FundiSauti

Mvua kwenye bati: hakuna maikrofoni itakayokuokoa. Magunia yaliyolowa juu ya bati hupunguza, hayamalizi. Ikinyesha, piga shoti zisizo na maneno. Na kila eneo, kabla ya kufungasha, sekunde 60 za ukimya wa chumba, watu wote wakiwa ndani, tadooba ikiwaka. Filamu hii itaishi kwa ukimya huo, kwa hiyo urekodi mara mbili.

Mafaili: kamera ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Nakala tatu, diski mbili tofauti, moja ilale nyumba nyingine. Mahojiano ya manusura yawe kwenye diski iliyofungwa kwa nywila, jina la faili liwe namba, na orodha ya majina iwe kwenye daftari mahali pengine. Wasomewe ridhaa kwa lugha yao, waambiwe wanaweza kujitoa hata baada ya uhariri. Msiwaombe kuigiza yaliyowapata.

KatweMtaani

Nimeelewa, na nina la kuongeza kutoka upande wa vibanda. Mkitaka VJ, yule msimulizi anayetafsiri filamu vibandani, aitafsiri, mpeni sauti zilizotenganishwa: mandhari na milio peke yake, maneno peke yake. Mkimpa faili moja lililochanganywa, atalazimika kushusha sauti yote ili asikike, na lori lenu litapotea. Na kaeni naye muitazame mara moja nzima kabla hajarekodi. Kazi ya VJ ni kujaza kimya. Mwonyesheni kwenye saa kabisa dakika zipi asiseme neno, tangu mbwa wanyamaze hadi bamba lifunguliwe. VJ mzuri ataweza hata kupunguza sauti yake pole pole kuelekea hapo.

Mtunza Nyaraka

Swali kwa MamaMavazi, au yeyote wa mwendelezo. Katika nusu ya pili, sahani ya baba iliyofunikwa ipo mezani kila jioni. Matooke yakipoa yanakuwa magumu na kupoteza rangi. Mnaionyeshaje siku ya nne?

MamaMavazi

Msiyachakaze, ndugu. Hakuna nyumba inayoacha chakula siku nne. Mama anapakua upya kila jioni, asubuhi watoto wanakula kiporo. Kwa hiyo kila mara sahani ionekane ina mvuke. Pikeni matooke, vidole (ndizi moja moja) 30, kwenye majani ya mgomba, sufuria ibaki juu ya mkaa pembeni ya seti, na kila shoti pakueni mpya, chini ya dakika 2 kabla ya kamera kuanza. Shoti 8 zitahitaji karibu sufuria nzima. Kinachobadilika siku hadi siku ni kipimo: jioni ya kwanza ni sahani ya mtu mzima, na kila jioni mnapunguza kidole kimoja, bila mtu yeyote kulitaja.